Maoni ya msahihishaji yanasomewa mbele ya filamu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma masomo ya filamu na televisheni. Muhula uliopita tulipewa insha ya kulinganisha filamu moja ya Kiafrika na tamthilia moja ya televisheni, tuchambue zinavyomwonyesha mwanamke anayeishi katika nyumba isiyo yake. Nilichagua La Noire de... ya Msenegali Ousmane Sembène, juu ya Diouana, binti wa Dakar anayekwenda Antibes, kusini mwa Ufaransa, kuwatumikia Wafaransa wawili, Monsieur na Madame, na tamthilia ya Maria iliyorushwa na Citizen TV ya Kenya. Nimepata 56. Pembezoni msahihishaji ameandika "Kwa hiyo?" mara tatu, tena "Unasimulia", tena "Mulvey anafanya nini hapa?" Mwishoni ameandika: "Umeisoma tamthilia kana kwamba ni filamu ndefu. Una jicho zuri, ila hulitumii." Sasa tunatakiwa tuandike tafakuri ya maneno 800 juu ya maoni hayo, nayo ina alama zake. Kila nikianza naishia kuandika kwamba nitajitahidi zaidi. Tafakuri inaandikwaje? Na je, niende kumwona msahihishaji, au nitaonekana nalalamika?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma insha uliyoambatisha pamoja na maandishi ya kalamu nyekundu, na naona kinachokukwamisha. Unajaribu kutafakari juu ya tabia yako: bidii, uvivu, muda ulioupanga vibaya. Maoni uliyopewa hayagusi hayo hata kidogo. Kila alichokuandikia msahihishaji kinahusu ulivyotazama, yaani ulichokiona kwenye fremu, ulichokisikia, na ulichokiacha kipite. Ndiyo maana ukiikodolea macho karatasi peke yake hupati cha kusema. Tafakuri hii inaandikwa mbele ya filamu. Ifungue tena, maoni yakiwa mkononi, na maneno 800 utayaona machache.

Kabla ya kuifungua, iondoe ile 56 machoni pako. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti aliowafanyia wanafunzi wa shule nchini Israeli. Wengine walirudishiwa kazi zikiwa na maoni tu, wengine alama tu, wengine alama na maoni pamoja. Waliopata maoni peke yake ndio waliofanya vizuri zaidi baadaye, na ndio walioendelea kuipenda kazi yenyewe. Waliopewa vyote viwili hawakupata faida hiyo, kwa sababu alama ikishaonekana humeza kila kilichoandikwa kando yake. Nimeliona hilo darasani miaka yote: mwanafunzi anafungua ukurasa wa mwisho, anaangalia namba, anafunga. Kwa hiyo chukua karatasi safi, nakili maoni yote kwa mkono wako, kila oni pamoja na sentensi yako lililoandikwa kando yake. Namba usiinakili. Fanyia kazi karatasi hiyo mpya.

Sasa tuje kwenye ile "Kwa hiyo?" ya kwanza, ambayo mimi naiona ndiyo moyo wa maoni yote. Imeandikwa kando ya aya hii yako:

"Diouana anapofika Antibes anakuta kinyago alichowapa waajiri wake kimetundikwa ukutani. Anakitazama. Kisha anaanza kufanya kazi za ndani. Madame anamfokea na kumpa aproni. Baadaye Diouana anakichukua kinyago chake na wanagombana. Hii inaonyesha ukoloni mamboleo."

Hakuna uongo katika aya hii. Yote yametokea, na kwa mpangilio huo. Lakini sentensi tano za kwanza zinaeleza nini kilitokea, na ya sita inaruka moja kwa moja hadi kwenye dhana kubwa kuliko zote zilizomo kwenye insha. Kati ya kinyago ukutani na ukoloni mamboleo hujaweka daraja. Msahihishaji amesimama ng'ambo ya pili anakuuliza: umevukaje? Hayo matatu, "Kwa hiyo?" na "Unasimulia" na "hulitumii jicho lako", ni swali moja limeulizwa kwa njia tatu. Ukiligundua hilo, umeshapata aya ya kwanza ya tafakuri yako, na ni aya ambayo wenzako wengi hawataiandika, kwa sababu wao watayajibu maoni moja baada ya jingine kama maswali ya mtihani.

Daraja lenyewe limo ndani ya filamu. Rudi ukitafuta jambo moja tu: kinyago kiko wapi kila kinapoonekana? Utakiona kwanza ukutani Antibes, kisha filamu inarudi nyuma hadi Dakar, na hapo utaona Diouana anavyokichukua kwa mtoto wa nyumbani kwao na kuwapelekea waajiri kama zawadi ya siku zake za kwanza kazini. Sasa angalia nyumba ile ya Dakar. Waajiri wana vitu vingi vya sanaa ya Kiafrika, na kinyago kinaingia humo kuwa kimoja kati ya vingi. Antibes kimetundikwa peke yake, ukuta mweupe mtupu ukikizunguka. Ni waajiri wale wale, kinyago kile kile, lakini mpangilio wa fremu umebadilika. Kisha mtazame Diouana mwenyewe. Dakar alikaa kando ya barabara na wanawake wenzake wakisubiri kuajiriwa. Alikuwa mmoja kati ya wengi. Antibes yuko peke yake kwenye kuta zile zile nyeupe, katika filamu ya nyeusi na nyeupe ambamo weupe wa nyumba hauna mahali pa kujificha.

Ukishaona hivyo, aya yako inaweza kuwa hivi:

"Kinyago kinaonekana katika nyumba mbili za waajiri wale wale. Dakar kinawekwa miongoni mwa vinyago na sanamu nyingine. Antibes kinatundikwa peke yake juu ya ukuta mweupe. Safari hiyo ndiyo safari ya Diouana pia, aliyeondolewa kati ya wanawake waliokaa kando ya barabara Dakar akawekwa peke yake ndani ya nyumba nyeupe. Mpangilio wa fremu unawafanya wote wawili kuwa vitu vya kutazamwa na wageni wa waajiri. Kwa hiyo anapokishusha kinyago ukutani na kukataa kukiachia, hagombei zawadi aliyoitoa. Anajiondoa mwenyewe kwenye maonyesho."

Nimetumia maneno zaidi ya mara mbili ya yako, na "ukoloni mamboleo" halimo. Unaweza kulirudisha katika sentensi inayofuata, na safari hii litakuwa na miguu. Usininakili lakini. Kaa na filamu, uone kama unakubaliana nami. Huenda wewe ukaona kwamba kinachobeba uzito ni mwisho wenyewe, pale mwajiri anaporudisha sanduku na kinyago Dakar, mama anakataa fedha zake, na mtoto anavaa kinyago usoni na kumfuata mzungu yule hadi anakimbilia gari lake. Hapo kinyago hakitazamwi tena. Kinatazama. Ukilifuata hilo utapata dai tofauti na langu, na huenda likawa bora.

"Kwa hiyo?" ya pili iko kando ya sentensi yako, "Diouana hazungumzi sana, lakini tunasikia mawazo yake." Hapa ulikuwa mlangoni kabisa, ukageuka. Tunasikia mawazo yake kwa Kifaransa fasaha, ilhali kinywani mwake mbele ya waajiri hutoka "Oui, Monsieur" na "Oui, Madame". Na hiyo sauti ya ndani si ya Mbissine Thérèse Diop anayeonekana kwenye picha. Ni ya Toto Bissainthe, msanii mzaliwa wa Haiti, iliyowekwa baadaye. Kwa hiyo? Kwa hiyo mwili uko mahali pamoja na sauti imetoka pengine, na sisi watazamaji tunapewa kile ambacho waliomo nyumbani humo hawakisikii kamwe. Kisha iangalie sini (onyesho) ya barua. Barua imekuja kutoka kwa mama yake, Monsieur anaisoma kwa sauti, halafu bila kuombwa anachukua kalamu aanze kumwandikia jibu. Diouana anaichana. Mtu mwenye maneno mengi kiasi kile kichwani anaandikiwa maneno na mwingine. Hapo ndipo jicho lako na sikio lako vingekutana. Ukitaka kwenda mbali zaidi, kumbuka kwamba filamu ndefu iliyofuata ya Sembène, Mandabi ya mwaka 1968, ilitengenezwa kwa Kiwolofu. Lakini jambo hilo lilete kama tu linasukuma dai lako mbele. Kama ni pambo, liache.

Hilo linanipeleka kwenye "Kwa hiyo?" ya tatu, kando ya aya nzima ya historia: Senegal ilipata uhuru mwaka 1960, Sembène alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, alihudumu katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alifanya kazi bandarini Marseille, alisomea filamu Moscow. Yote sahihi, na yote yamekaa mwanzoni mwa insha kama wageni wasiojua wameitiwa nini. Usiyafute. Yatafutie kazi. Kuna sini Dakar ambamo Diouana, furaha ya kwenda Ufaransa ikiwa imemjaa, anapanda kwenye mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa vitani na kukimbiakimbia juu yake peku, na kijana anayempenda anashtuka. Wewe umeipita sini hiyo kwa nusu sentensi. Sasa weka hapo ukweli mmoja tu kutoka kwenye aya yako ya historia: aliyeiongoza sini hiyo alikuwa mwenyewe askari wa jeshi hilo. Ghafla wasifu unafanya kazi. Yule binti anacheza juu ya kumbukumbu ya waliotangulia kuitumikia Ufaransa, siku chache kabla naye hajaondoka kwenda kuitumikia. Ukweli mwingine wote wa aya ile unaweza kubaki nje ya insha na hakuna atakayeutafuta.

Sasa Mulvey, mwananadharia wa filamu wa Uingereza. Uliandika, "Kama Laura Mulvey anavyosema, wanawake katika filamu hutazamwa, na Diouana pia anatazamwa." Msahihishaji anauliza anafanya nini hapa, na jibu la kweli ni kwamba hafanyi kitu, ameletwa ili insha ionekane ina nadharia. Naomba usilichukulie swali hilo kuwa amri ya kumwondoa. Makala ya Mulvey ilichapishwa mwaka 1975 katika jarida la Screen, na hoja yake ilijengwa juu ya sinema ya Hollywood: mwanamume ndiye mwenye jicho, mwanamke ndiye picha, na kamera pamoja na mtazamaji hukaa upande wa mwanamume. Chukua hoja hiyo uiweke mbele ya filamu uliyoichagua, uulize: hapa mwenye jicho ni nani? Anayemchagua Diouana kando ya barabara ni Madame. Anayemchunguza nguo na viatu ni Madame. Mgeni mwanamume anayeinuka mezani kumbusu Diouana kwa sababu hajawahi kumbusu mwanamke mweusi anafanya hivyo mbele ya wanawake wa Kizungu, na hakuna anayemtetea. Kwa hiyo hoja ya Mulvey inakufikisha hadi mahali fulani kisha inakwama, maana katika nyumba hii jicho linalotawala limevaa gauni, na linatawala kwa rangi yake. Kukwama huko kuna thamani kubwa kuliko kukubaliana. bell hooks, mwandishi Mmarekani mweusi, aliandika mwaka 1992 juu ya mtazamo wa upinzani wa wanawake weusi, na alimkosoa Mulvey na wenzake kwa kuzungumza kana kwamba wanawake wote ni weupe. Ukimweka hooks baada ya pale Mulvey anapokwama, wote wawili watakuwa wamefanya kazi, na msahihishaji hatakuwa na la kuuliza.

Naona wanafunzi wengi wanaihofu nadharia, wanaitaja haraka kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini ili apite. Wewe ichukulie kuwa ni swali la kuiuliza filamu. Kama filamu inajibu "hapana", andika hiyo hapana na ueleze kwa nini.

Nakuja kwenye televisheni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndipo alama nyingi zilipopotelea. Umeandika kwamba Maria "inarudiarudia matukio, mazungumzo ni marefu, nyuso zinaonyeshwa karibu mno, na kila mara hadithi inakatwa pasipo mwisho, hivyo ni dhaifu kisanaa ukilinganisha na Sembène." Umechukua vigezo vya filamu ya takribani saa moja inayotazamwa gizani kwa kimya, ukakipimia kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya sebule yenye watu, siku za wiki, jioni, mwaka 2019 hadi 2021. Kila ulichokiita udhaifu kina kazi yake. Matukio yanarudiwa kwa sababu kuna aliyekosa jana, kuna aliyekuwa jikoni, kuna mtoto aliyekuwa analia. Nyuso ziko karibu kwa sababu skrini ya sebuleni ni ndogo na hisia lazima zifike hadi kwenye kochi la nyuma. Hadithi inakatwa roho ikiwa juu kwa sababu kesho ipo.

Raymond Williams, mhakiki wa utamaduni kutoka Wales, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya televisheni, alieleza jambo ambalo lingekusaidia sana. Alikuwa amefika Miami, anatazama filamu kwenye televisheni ya Marekani, akashangaa jinsi filamu, matangazo ya biashara na vionjo vya filamu nyingine vilivyoungana hadi asijue mpaka uko wapi. Akapata wazo kwamba televisheni haiji kwa vipindi vilivyotengana bali kwa mtiririko, na kwamba mtiririko huo ndio unaopaswa kusomwa. Jaribu wazo hilo kwenye Maria. Ilikuwa inakaa jirani na taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni. Mtazamaji ametoka kusikia habari za nchi, bei na siasa, matangazo yakapita, kisha akaingia kwenye hadithi ya binti wa mtaa wa mabanda aliyeingizwa katika nyumba ya tajiri. Zaidi ya hapo, waliokuwa nyuma ya tamthilia hiyo, Lulu Hassan na Rashid Abdalla, walikuwa watangazaji wa habari waliofahamika kwa mtazamaji huyo huyo, kwenye stesheni hiyo hiyo. Sijui kama kuna mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba kipindi hakisimami peke yake. Ulikuwa nao mkononi.

Sasa linganisha upya. Sembène ana saa moja, na ana uwezo wa kuifunga hadithi: Diouana anakufa ndani ya nyumba isiyo yake, na kifo hicho kinaifanya nyumba nzima isomeke upya kuanzia mwanzo. Tamthilia ya kila siku haiwezi kufanya hivyo kwa mhusika wake mkuu. Lazima Maria awepo kesho. Kwa hiyo mateso yake hayana budi kuahirishwa, kupunguzwa, kurudishwa, na nyumba ile ya tajiri lazima ibebe hadithi kwa miezi bila kumfukuza wala kumkubali kabisa. Umbo lenyewe la televisheni linamfundisha mtazamaji picha fulani ya mwanamke: anayevumilia. Filamu ya Sembène, kwa umbo lake lililofungwa, inaweza kumwonyesha mwanamke anayekataa. Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali mlilopewa, na lilikuwa linatoka kwenye tofauti ya umbo ambayo wewe uliiita udhaifu. Naandika haya kwa msisitizo kwa sababu tumezoea kuzidharau tamthilia zetu za Kiswahili mbele ya filamu zenye majina, na dharau hiyo inatupofusha tusione ufundi unaofanya kazi mbele ya watu wengi kila jioni.

Maoni ya mwisho, "Una jicho zuri", usiyaruke kana kwamba ni maneno ya kukubembeleza. Tafuta alipolionea hilo jicho. Kwenye ukurasa wako wa tatu kuna alama ya vema kando ya sentensi hii: "Madame anamwamuru Diouana avue viatu vyake vya visigino, kwa sababu viatu hivyo vinamwonyesha kama mgeni aliyealikwa na si kama mtumishi." Hiyo ni sentensi ya kiwango cha juu. Ina kitu kinachoonekana, ina kitendo, na ina "kwa sababu". Uliiandika wewe, katika insha hiyo hiyo, usiku ule ule pengine. D. Royce Sadler, mtafiti wa elimu, aliandika mwaka 1989 kwamba maoni humsaidia mwanafunzi pale tu anapojua kazi nzuri ikoje, anapoweza kuilinganisha na yake, na anapofanya jambo la kuziba pengo lililopo. Wewe una bahati: kazi nzuri ya kulinganishia imo ndani ya insha yako mwenyewe. Katika tafakuri, iweke sentensi ya viatu karibu na aya ya kinyago, kisha eleza kwa nini moja ilipata vema na nyingine ikapata "Kwa hiyo?"

Kuhusu uandishi wenyewe, maneno 800 hayatoshi kujibu kila kitu, na usijaribu. Mimi ningetoa nusu nzima kwa kinyago: aya ya zamani, ulichokiona uliporudi kwenye filamu, aya mpya. Kisha televisheni, kwa sababu ndiyo inayobadilisha dai lote la insha. Mulvey apate aya fupi. Aya ya historia unaweza kuigusa kwa sentensi mbili. Usiandike shukrani kwa msahihishaji, na usiombe radhi. Hakuna kosa ulilomfanyia mtu. Kama kuna oni usilokubaliana nalo, sema, mradi ushahidi uwe kwenye skrini na utaje ni sini gani. Tafakuri inayokubali kila kitu huwa haionyeshi kwamba mwandishi amefikiri.

Na pale ulipotaka kuandika "nitajitahidi zaidi", andika jambo ambalo mtu anaweza kulikagua. Kwa mfano, kwamba kwa insha ijayo utaitazama kila sini utakayoichambua ukiwa umezima sauti, kisha uisikilize bila kuangalia picha, na kila mara uandike dakika na sekunde pembeni. Ukizima sauti kwenye La Noire de... utaona jinsi Diouana anavyosimama kwenye milango na pembe za vyumba. Ukiondoa picha utasikia ni mara ngapi jina lake linaitwa na kwa sauti gani. Ahadi ya namna hiyo msahihishaji anaweza kuja kuidai katika insha ijayo, na ndiyo maana inamshawishi.

Swali lako la mwisho: ndiyo, nenda kamwone. Mwalimu aliyekuandikia "Kwa hiyo?" mara tatu amekaa na kazi yako kwa muda, na wengi wetu tunafurahi mwanafunzi anapokuja na maoni yetu mkononi. Kinachomfanya mtu aonekane analalamika ni kuanza na namba. Kama unaamini alama zimejumlishwa vibaya au ukurasa haukusahihishwa, hilo lina utaratibu wake kwenye idara, lifuate kwa maandishi na usilichanganye na mazungumzo haya. Kwake nenda na karatasi moja: aya ya kinyago ya zamani juu, mpya chini. Mwombe aisome mpya kisha umuulize, "Hapa bado ungeandika 'Kwa hiyo?'" Akisema ndiyo, muulize kwenye sentensi ipi, na uiwekee alama hapo hapo mbele yake. Halafu muulize la pili, ambalo mimi siwezi kukujibia kwa sababu mtungaji wa swali ni yeye: je, alitaka mlinganishe wanawake wawili, au maumbo mawili, filamu na televisheni? Jibu lake ndilo litakaloamua tafakuri yako ianze na Diouana au ianze na Maria.